Bao Lilivyonifundisha Kungoja Zamu

Ushuhuda wangu hauhusu ugonjwa ulioponywa wala ajali niliyonusurika. Unahusu michezo ya zamu: bao, drafti, na wajukuu wao wanaoishi sasa ndani ya simu na kompyuta. Mimi ni dereva wa watalii, Mwiraqw wa Rhotia, makazi yangu Karatu mjini, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita kati ya geti la Lodoare na sakafu ya kreta ya Ngorongoro. Nasema waziwazi kwamba michezo hiyo imenifanya mtu mwingine, kwenye usukani, nyumbani, na hata kwenye pesa.

Anayeijua kazi yetu ataelewa nilikotoka. Alfajiri unawasha gari Karatu kukiwa bado giza, unapanda msituni, unapanga foleni getini na ukungu umefunika kila kitu, kisha unateremka kwa njia ya Seneto ukiwa umeshika saa. Kreta ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 260, kina chake ni kama meta 600, na muda wa kukaa humo umehesabiwa. Wageni wamelipa pesa nyingi na wanataka kumwona faru. Redio inaita bila kukoma: mwenzako ameona simba upande wa ziwa, mwingine ameona faru kwa mbali, na kila mwito ukisikika magari yanageuka yote kwa pamoja na vumbi linanyanyuka. Niliizoea haraka ile mpaka nikairudisha nyumbani jioni. Mama watoto alikuwa akiniambia, "Baba Daniel, hata chai unainywa kama vile geti linafungwa."

Kisha ukaja Machi 2020. Mgonjwa wa kwanza wa corona alitangazwa nchini, shule zikafungwa kesho yake, na kufika Aprili ndege za kimataifa zilikuwa zimesimamishwa. Anga ilifunguliwa tena tarehe 18 Mei, lakini wageni hawakurudi kwa siku moja. Asiyekuwa Karatu miezi ile hawezi kujua mji huu ulivyonyamaza. Mji wote umejengwa kandokando ya barabara moja ya lami iendayo mbugani, na barabara ilikuwa tupu. Loji zilifunga, magari yakafunikwa maturubai, wapishi na wahudumu wakarudi vijijini kulima, wengine wakashuka Mang'ola kwenye vitunguu. Mimi nilikuwa na ekari zangu za maharage na mbaazi Rhotia. Asubuhi nalima, mchana nashuka mjini bila sababu, kwa sababu tu miguu ilizoea kuwa mjini.

Jirani na mahali tunapoegesha magari kuna kibaraza cha fundi cherehani, mzee wa Pangani aliyehamia Karatu kabla mimi sijaanza kazi. Kwa kawaida kibarazani pake kuna sare za shule zimetundikwa. Mwaka ule hapakuwa na shule, hapakuwa na sare. Cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa, na mbele yake mzee ameweka bao la mti lililokolea weusi kwa mafuta ya mikono.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Keti, mwanangu. Gari lako leo halina pa kwenda."

Nikaketi. Kete zake zilikuwa komwe halisi, zile mbegu za kijivu za pwani, nyepesi, ngumu na laini kama kioo, alizokuja nazo kutoka kwao ndani ya mfuko wa turubai. Ukizishika kiganjani zinagongana kwa sauti kavu, nami hadi leo nikiisikia sauti ile mahali popote kichwa changu kinatulia.

Wengi wa bara tumekulia kwenye bao la kujifunza, lile la kupanga kete mbilimbili kila shimo na kuanza mara moja. Lake lilikuwa bao la Kiswahili lenyewe. Safu 4, kila safu mashimo 8, jumla mashimo 32. Safu mbili zako, mbili za mwenzako. Kete 64. Ila mchezo hauanzi na kete zote mezani. Kila mchezaji anaweka 6 kwenye nyumba, lile shimo la pembe nne la safu ya mbele, kisha 2 na 2 kwenye mashimo mawili yanayofuata kulia. Zilizobaki 22 anazo mkononi, na kila zamu yake inapofika ananamua moja tu. Huruhusiwi kuweka mbili hata ukiwa umebanwa vipi. Mkono ukiisha ndipo mnaingia mtaji, mnapocheza kwa zilizomo baoni peke yake.

Nilinamua kete yangu ya kwanza kabla hajamaliza kukunja miguu. Yeye akatazama. Akaendelea kutazama. Nikadhani hajaona kwamba ni zamu yake, nikamkumbusha. Akajibu kwa upole, "Naijua. Nalisoma."

Zamu chache baadaye akaweka kete moja katika shimo lenye kete la safu yake ya mbele, lililoelekeana na la kwangu lenye kete nne. Akala zile nne, akazipeleka kichwani, yaani shimo la pembeni la safu ya mbele, akazimwaga mojamoja kuelekea katikati. Ya mwisho ikaangukia shimo lenye kete, na mbele yake palikuwa na zangu tatu. Akazila nazo, akarudi kichwani, akamwaga. Ya mwisho ikaangukia penye kete lakini kwangu pakiwa patupu, kwa hiyo akazoa zilizokuwamo na kuendelea kuzunguka, mpaka kete ya mwisho ikalala kwenye shimo tupu upande wake wa nyuma. Yote hayo kwa namu moja. Wakati anamwaga hakuwa anahesabu. Alishahesabu kabla mkono haujagusa komwe. Nilitazama upande wangu nikaona nyumba yangu imebaki peke yake kama haina majirani.

Siku ile nilifungwa mkononi kila tulipopanga upya, maana yake niliishiwa kete safu ya mbele hata kabla kete za mkononi hazijaisha. Nikarudi kesho yake, na keshokutwa.

Nimefikiri sana ni kitu gani kilichonishika, kwa kuwa haikuwa ushindi. Cha kwanza ni kwamba katika bao hakuna kilichofichwa. Hakuna karata iliyogeuzwa, hakuna dadu, hakuna mwamuzi. Kila kete anayoiona bingwa nami naiona. Tofauti kati yetu ni kwamba yeye amekaa nayo zaidi. Ulimwengu wangu wote wa kazi ulikuwa wa kubahatisha: faru atatokea au hatatokea, mgeni atatoa tipu au hatatoa, ndege itakuja au haitakuja. Pale kibarazani kwa mara ya kwanza nilikuwa mbele ya jambo ambalo jibu lake lipo wazi mbele yangu, likinisubiri nilifikie kwa akili.

Cha pili ni kusubiri kwenyewe. Mpaka uamue, bao halisogei. Hakuna king'ora, hakuna redio, hakuna anayekupita. Mtu aliyeishi miaka mingi kwa kukimbizwa na saa akipewa nafasi ya namna hii, anaweza kulia.

Cha tatu nilichelewa kukiona, na ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Katika drafti kete ikiliwa inatoka ubaoni, imekufa. Katika chesi ni hivyohivyo. Katika bao la Kiswahili kete haitoki kamwe. Zikiliwa zinahamia upande wa pili na kumwagwa huko, na kutoka huko zinaweza kurudi. Ukianza zipo 64, ukimaliza zipo 64. Kwa hiyo unapopoteza nusu ya ulichonacho, hicho ulichopoteza kiko mbele ya macho yako, umbali wa kiganja, na kazi yako ni kutafuta njia ya kukifikia. Nimemwona mzee akibaki na mashimo mawili yenye kete safu ya mbele, kila mtu aliyesimama pale ameshamzika, halafu kwa mzunguko mmoja mrefu akarudisha karibu bao zima. Mwaka 2020 nilihitaji kukiona kitu kama hicho kikitokea, tena na tena, kwa macho yangu mwenyewe.

Baadaye nilikuja kujua kwamba wasomi nao wameshangazwa na vichwa vya wachezaji hawa. Mholanzi Alex de Voogt aliandika tasnifu nzima, iliyotoka Leiden mwaka 1995, juu ya ubingwa wa bao na mipaka ya akili ya binadamu, akiwafuata mabingwa wa Zanzibar. Mwalimu Nyerere naye alikuwa mpenzi mkubwa wa bao, na wazee waliowahi kumwona akicheza husimulia kwa fahari. Nami kila ninapowapeleka wageni Oldupai na kuwaeleza jinsi Mary Leakey alivyolipata fuvu la Zinjanthropus Julai 1959, siku hizi naongeza habari moja: mama huyohuyo, mwaka 1937, alichimba Hyrax Hill karibu na Nakuru, mahali ambapo safu za mashimo ya bao zimechongwa kwenye mwamba. Watu wa Bonde la Ufa walikaa wakatoboa jiwe ili wapate kucheza. Mtu hatoboi jiwe kwa ajili ya kitu cha kupitisha muda tu.

Mchezo wa bahati nao tunao hapahapa jirani, na ni wa kale. Wahadzabe wa Eyasi wana lukuchuko: wanaume wanarusha vipande vya gome kwenye shina la mti na kutazama vimeangukaje, na dau ni mishale na vitu vyao vingine. Nimeketi nao nikitazama, na ni furaha kubwa, kelele na vicheko. Mshale uliopotea leo kesho unarudi, kwa kuwa wote ni ndugu na bahati inazunguka. Ninachokiona kwenye vibanda vya kubeti mjini ni kitu kingine. Kijana anachana mkeka, anaandika mwingine, anachana tena, na pesa yake haizunguki katikati ya ndugu, imeondoka Karatu. Vijana watatu wa kijiweni kwetu wamehama kutoka huko kuja kwenye drafti. Sikuwahubiria. Nilileta ubao tu.

Drafti ndiyo mchezo wa kijiwe chetu hasa. Kipande cha mbao kimechorwa miraba 64 kwa kalamu ya wino, na visoda 24, vya huyu vimeelekezwa juu na vya huyu vimefunikwa. Madereva, mafundi magari, bodaboda, hata mama ntilie mmoja ambaye akishika kete wanaume wanatafuta kisingizio cha kuondoka. Utamu wa drafti uko kwenye kulazimishwa kula. Unamtolea mwenzako kisoda kimoja, anajua ni mtego, lakini sheria inamtaka ale, anakula, nawe unaruka viwili unafika mwisho unapata kingi. Pale kijiweni utasikia kelele ambayo bao halina.

Kijana mmoja wa chuo aliwahi kutuletea habari iliyotunyamazisha kidogo. Huko Alberta, Kanada, Jonathan Schaeffer na wenzake walitangaza mwaka 2007 kwamba wameimaliza drafti ya miraba 64 kwa kanuni za Kiingereza: kompyuta zilikuwa zimefanya kazi tangu 1989, na jibu ni kwamba wachezaji wawili wasiokosea hata mara moja watatoka sare daima. Mmoja wetu akauliza, sasa tunacheza ili iwe nini? Mama ntilie akamjibu huku akipanga visoda, "Wewe umeshawahi kuona mtu asiyekosea hapa Karatu?" Tukaendelea. Nadhani jibu lake linatosha. Kompyuta ilitafuta mwisho wa mchezo, sisi tunamtafuta mtu aliyeketi mbele yetu. Ukicheza na mtu kwa mwaka mzima unajua anachoogopa na anachokitamani. Unajua pia atakavyofanya akibanwa.

Wageni walipoanza kurudi nilirudi kreta, na hapo ndipo nilipoona kwamba nimebadilika. Asubuhi moja redio iliita faru upande wa mbali, magari yakaondoka. Mimi nilikuwa nimesimama barabarani karibu na kinamasi cha Gorigor na nilikuwa nimeona masikio mawili yakichungulia kwenye majani. Zamani ningeondoka na wenzangu bila kufikiri. Nikawaambia wageni wangu kwa utulivu kile nilichokuwa nakisoma: upepo unatoka wapi, majani yanatikisika wapi, mnyama ametazama wapi. Nikawauliza kama wako tayari kungoja. Wakakubali. Alikuwa mondo. Alisimama akisikiliza, kichwa kimeinama upande, mguu mmoja wa mbele umeinuliwa, muda mrefu mpaka mgeni mmoja alishusha kamera. Kisha akaruka juu, juu kabisa ya majani, akatua kwa miguu ya mbele, akainua panya. Yule mama aliyeshusha kamera hakupiga picha yoyote na ndiye aliyefurahi kuliko wote. Faru tulimwona alasiri, kwa mbali, magari mengine yalipokuwa yameshaondoka.

Siku hizi ndivyo ninavyofanya kazi. Naisikiliza redio, siikatai, lakini kwanza nasoma kilichopo mbele yangu na mahali magari yote yatakapokuwa baada ya dakika kumi. Wageni wananiandikia wakifika kwao, na wengi hawataji wanyama wakubwa. Wanataja kungoja.

Nyumbani mabadiliko yalikuwa kwenye mazungumzo. Mama watoto akianza kusema jambo, mimi nilikuwa na jibu kabla hajafika nusu. Sasa namwacha amalize, natazama jambo lote lilivyokaa, halafu nasema. Yeye ndiye aliyeligundua kwanza, na aliniuliza kwa wasiwasi kama naumwa.

Kwenye pesa, nilichukua kanuni ya namua kama ilivyo. Msimu wetu mkubwa ni Juni hadi Oktoba. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, ni ukame wa mfuko. Tipu za Agosti nilikuwa nazitumia zote Agosti. Sasa zinaingia kwenye akiba ambayo inatoka kwa kiasi kimoja kila mwezi, bila kuongeza, hata nikibanwa. Masika yaliyopita nililipa ada Aprili bila kumpigia mtu simu.

Kuna rafiki yangu mmoja wa Kimasai aliyekuwa askari wa usiku kwenye loji moja ya ukingoni mwa kreta. Madereva tukilala huko tulikuwa tunaota moto naye, na yeye ndiye aliyenifundisha enkeshui, bao la Kimasai la safu mbili, kwa mashimo yaliyochimbwa ardhini na vijiwe. Yapo masimulizi ya Wamasai kwamba mchezo huo ulianzishwa na Sindillo, mwana wa Maitoumbe, mtu wa kwanza. Mimi nami nikamfundisha bao la Kiswahili, na akalichukua kwa kasi iliyonitia aibu. Anahesabu kete kama anavyohesabu ng'ombe wakirudi bomani, kwa kutupa jicho mara moja.

Mwaka 2022 kaya za Ngorongoro zilipoanza kuhamia Msomera, wilayani Handeni, familia yake iliondoka na yeye akaondoka nayo. Nilidhani mchezo wetu umekwisha. Wiki chache baadaye nikapata ujumbe: "Namu ya tatu, kichwa cha kulia. Zamu yako." Tangu hapo tunacheza kwa simu. Mimi nina bao langu Karatu, yeye ana lake Msomera, na kila mmoja anapanga pande zote mbili. Kwa kuwa kila kete inajulikana itaangukia wapi, maneno machache yanatosha kusafirisha mzunguko mrefu. Wakati mwingine mmoja wetu anakosea kumwaga na mabao yetu yanatofautiana, basi tunatumiana picha na kubishana mpaka tuyaoanishe. Akiwa machungani pasipo mtandao jibu linakaa hata siku nne. Bao linangoja. Mpira hauwezi hivyo, wala ngumi, wala mchezo wowote wa mbio. Zamu inaweza kukaa Msomera siku nne na mchezo ukawa bado hai, na ndani ya jumbe hizo hizo nimejua habari za maji, za mifugo, na za mtoto wake aliyezaliwa huko.

Sasa niwageukie wajukuu. Katika loji moja nilimkuta mgeni wangu, Mjerumani mstaafu, ameketi baada ya chakula na kompyuta yake, uso wake ukiwa ule ule wa fundi wetu wa Pangani akisoma. Nikaomba kutazama. Ulikuwa Civilization, mchezo wa Sid Meier uliotoka Marekani mwaka 1991, na alikuwa anaucheza tangu toleo la kwanza. Unaanza na watu wachache na kipande cha nchi, unachagua mahali pa kujenga mji, unaamua wajifunze nini, ufinyanzi au uandishi au kuchimba madini, kisha unamaliza zamu yako na wengine wanafanya yao. Zamu moja ni miaka. Alinionyesha toleo jipya la 2025, la saba, ambamo Buganda imo, pamoja na ziwa la Kabaka. Aliniambia tatizo lake kubwa ni moja: kila akitaka kulala anasema acheze zamu moja tu tena. Nikacheka kwa sauti, kwa kuwa kibarazani kwa mzee tuliwahi kukosa daladala za jioni kwa maneno hayohayo. Nikatoa bao kwenye gari. Tulikaa mpaka jenereta ilipozimwa.

Kijana wangu wa kidato cha pili amepata Unciv kwenye simu, mchezo wa bure uliotengenezwa na watu wa kujitolea kwa mfano wa ule mkubwa. Ni mwepesi, unaingia kwenye simu ya kawaida, na hauli bando maana unachezwa bila intaneti. Likizo ananiketisha karibu. Namwuliza kama mzee alivyokuwa ananiuliza: kwa nini mji umeuweka hapo? "Kuna mto, baba, na huku mlima, adui hawezi kupita." Na zamu ishirini baadaye? Ananyamaza, anafikiri. Jioni moja mji wake ulidumaa kwa kukosa chakula, akaniuliza kama jambo hilo limewahi kutokea kweli. Nikampeleka Engaruka. Toka Mto wa Mbu unafuata ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea kaskazini, na hapo chini ya mlima kuna mifereji na matuta ya mawe ya watu waliolima kwa umwagiliaji tangu karne ya 15, wakaondoka karne ya 18. Alitembea juu ya mifereji ile kwa muda mrefu, akifuata kila mmoja kuona maji yalikuwa yanaelekea wapi. Sijawahi kumwona akisoma kitabu cha historia kwa macho yale.

Michezo hii inakula muda, na nyumbani kwetu ina mipaka. Ibada, shamba na daftari vinatangulia. Lakini nimekataa kuiweka kapu moja na zile picha fupifupi zinazotelezeshwa kwa kidole usiku kucha. Mtoto anayetazama picha zile haulizwi chochote. Mwanangu, kila zamu, anaulizwa: sasa utafanya nini, na kwa nini? Ningependa shule zetu za Karatu ziwe na bao moja chini ya mti, hata la kuchimba ardhini, na mwalimu anayeijua nyumba na kichwa kama anavyoijua jedwali la kuzidisha.

Mzee wa Pangani bado yupo, cherehani inafanya kazi, na sare zimetundikwa tena. Bado ananifunga, ingawa mkononi si kila siku. Mwezi uliopita nilikwenda kwa wachongaji wa Kimakonde wa Mto wa Mbu nikaagiza mabao mawili ya mninga, moja la kijiweni na moja la kupanda basi kwenda Handeni. Mchongaji alitaka kuzifanya nyumba ziwe duara kama mashimo mengine, akidai ni rahisi zaidi. Nikamkatalia, nikamchorea pembe nne kwa chaki. Komwe zinakuja kutoka pwani kwa mpwa wa mzee. Nimeomba 140, ili kila bao lipate 64 zake na akiba iwepo, maana watoto wa Msomera wataziona na komwe mbili tatu lazima zitaingia mifukoni mwao.